Kiboko wa Mafia na Kiboko wa Mtambo

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima: Historia

Kaeni vizuri, na kila mmoja awe na daftari na kalamu yake. Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno manne: mtambo, sanamu, skrini, bembea. Maana zake tutazieleza njiani.

Somo letu la leo ni historia ya mchezo. Msicheke. Mchezo nao una historia yake, na mara nyingine historia hiyo humfundisha mtu mambo ambayo hayamo katika habari za wafalme na vita.

Na tuanze kisiwani Mafia. Ninyi mkaao huko mnajua kwamba kisiwa chenu kina viboko. Si wengi, nao hukaa katika mabwawa ya ndani ya kisiwa. Inadhaniwa kwamba wa kwanza walichukuliwa na maji ya mto Rufiji wakavuka bahari mpaka kisiwani. Mchana kiboko hujizamisha majini, yakaonekana macho na pua na masikio tu. Usiku hutoka kula majani, na akikuta shamba la mpunga hapigi hodi. Mwenye shamba hana haja ya kufundishwa na mtu kiboko ni mnyama wa namna gani.

Sasa sikilizeni habari ya kiboko mwingine. Tarehe 17 Julai 1955, huko California katika nchi ya Marekani, bwana mmoja jina lake Walt Disney alifungua bustani kubwa ya michezo iitwayo Disneyland. Ndani yake palikuwa na mto uliochimbwa na watu. Mgeni alilipa, akapanda mashua, akapelekwa mtoni kana kwamba yumo katika misitu ya Afrika na Asia. Mara kiboko akaibuka. Nahodha akafyatua bastola ya baruti tupu, watu wakapiga kelele, kisha wakacheka. Kiboko yule hakuwa na damu. Alikuwa sanamu, yaani umbo lililotengenezwa kwa mkono, naye aliendeshwa kwa mtambo, yaani mashini.

Mwanzoni Disney alitaka wanyama wa kweli. Aliambiwa kwamba wanyama wa kweli hulala mchana na kujificha, na watu waliolipa wasingeona kitu. Basi akaamua kuwaunda. Maji yalitiwa rangi yafanane na maji ya tope, ili mitambo iliyo chini isionekane. Mashua nayo haikwenda ipendavyo. Ilifuata reli iliyolazwa chini ya maji. Nahodha alishika usukani, lakini njia ilikwisha kuchaguliwa na reli.

Hapo ndipo penye swali letu. Ukitaka mtu aone kwamba amesafiri na hali hajasafiri, utumie nini? Utumie vitu vilivyoundwa kwa mbao, chuma na mpira, au utumie picha zionyeshwazo juu ya skrini? Skrini ni kile kitambaa cheupe cha sinema, au kioo cha televisheni. Watu wa michezo wamebishana juu ya jambo hili kwa zaidi ya miaka 100.

Meli isiyotoka bandarini

Mwaka wa 1900 palikuwa na maonyesho makubwa mjini Paris, Ufaransa. Mchoraji mmoja, Hugo d'Alesi, alitengeneza sitaha ya meli, ikawekwa ndani ya nyumba. Abiria 700 waliweza kusimama juu yake. Chini yake palikuwa na mitambo ya kuiyumbisha kama meli iliyomo katika mawimbi. Kulia na kushoto palikuwa na vitambaa viwili vilivyochorwa pwani na miji, kila kimoja kirefu cha meta 750. Vitambaa vilizungushwa polepole juu ya magogo makubwa, na abiria wakaona kama wanakwenda kutoka Ufaransa mpaka mji wa Constantinople, ambao siku hizi ni Istanbul. Upepo ulipulizwa kupitia majani ya bahari ili watu wasikie harufu ya pwani. Watu waliovaa kama mabaharia walipita wakifanya kazi.

Miaka mitano baadaye, mwaka wa 1905, George Hale, aliyekuwa mkuu wa zimamoto katika mji wa Kansas City, Marekani, alileta shauri jingine. Aliunda behewa la gari moshi ambalo haliendi popote. Mbele ya abiria palikuwa na kitambaa cha sinema. Picha zilikuwa zimepigwa kutoka mbele ya gari moshi la kweli, basi reli na milima zikaonekana zikija. Behewa lilitikiswa, na magurudumu yalisikika yakilia chini. Biashara hiyo ilienea katika miji mingi, lakini haikupita miaka kumi ikafifia. Picha zilikuwa chache, na mtu akiisha kuona safari ile mara mbili au tatu hataki kulipa tena.

Angalieni jambo moja. D'Alesi alitumia kitambaa cha rangi, Hale alitumia sinema. Lakini wote wawili walitikisa sakafu. Walijua kwamba macho peke yake hayatoshi.

Mwili haudanganyiki upesi

Fikirini bembea ya sikukuu, ile ya kamba au ya mbao inayowapeleka watoto juu na kuwarudisha chini. Mtoto halipi senti zake kwenye bembea ili aone kitu. Hulipa ili tumbo lake lishtuke.

Sababu yake ni hii. Ndani ya sikio, mahali pasipoonekana, mna vijifereji vidogo vyenye maji. Kichwa kikigeuka, maji hayo husukumwa, na ubongo hupata habari kwamba mwili unageuka. Macho nayo huleta habari yao. Habari hizo mbili zikipatana, mtu huwa salama. Zikigombana, moyo huchafuka.

Wavuvi na mabaharia mnalijua hili bila kitabu. Abiria aliyejifungia ndani ya chombo hutapika kwanza, kwa sababu macho yake yanaona ubao uliotulia na sikio lake linasema chombo kinayumba. Mwambieni atoke nje atazame upeo wa bahari, naye atapata nafuu. Mbele ya skrini kubwa mambo hupinduka. Macho yanasema tunaruka, na sikio linasema tumekaa kitini. Ndiyo maana wengine hutoka katika michezo hiyo wakiwa wamelewa kama abiria wa chombo.

Vita ya kweli na mto wa kuchimbwa

Skrini ilitufikia sisi pia. Kati ya mwaka wa 1935 na 1937 palikuwa na jaribio la sinema za kufundishia, ambalo makao yake yalikuwa Vugiri, katika milima ya Usambara. Picha zilipigwa katika nchi zetu, na Waafrika wenyewe waliigiza. Kisha lori lenye mtambo wa sinema likazunguka Tanganyika na nchi jirani.

Mwaka huohuo wa 1935 mwandishi Mwingereza, C. S. Forester, alitoa kitabu chake The African Queen. Ni hadithi ya kubuni juu ya mashua ndogo katika nchi hii, wakati Wadachi walipoitawala, ilipoanza Vita Kuu ya mwaka wa 1914. Lakini vita yenyewe haikuwa ya kubuni. Mwezi wa Januari 1915 Waingereza waliteka kisiwa cha Mafia. Manowari ya Kidachi, Königsberg, ilikuwa imejificha katika delta ya Rufiji. Ndege ziliruka kutoka Mafia kwenda kuitafuta na kuwaonyesha wapiga mizinga mahali pa kulenga. Tarehe 11 Julai 1915 manowari mbili za Kiingereza, Severn na Mersey, ziliiharibu.

Mwaka wa 1951 hadithi ya Forester ilifanywa sinema. Mkuu wa kazi, John Huston, aliwapeleka waigizaji mpaka Kongo na Uganda, kwa sababu alitaka mito ya kweli. Wengi wakaugua. Na zile sehemu ambazo waigizaji walitakiwa kuingia majini zilipigwa Uingereza, ndani ya tangi, kwa kuhofia magonjwa ya mito. Hivyo hata sinema iliyotafuta mto wa kweli ilitia ndani yake mto wa tangi.

Aliyechora mto wa Disneyland, Harper Goff, aliipenda sinema hiyo, akaunda mashua zinazofanana na ile mashua ya sinema. Basi hesabuni hatua zenyewe. Palikuwa na vita ya kweli. Vita ikazaa hadithi. Hadithi ikazaa sinema. Sinema ikazaa mto wa kuchimbwa wenye viboko wa mtambo. Ni kama habari iliyopita midomo minne kabla ya kukufikia. Nani atashangaa ikiwa imebadilika?

Picha hubadilishwa, sanamu hukaa

Sasa twende mbele. Mwaka wa 1987 Disneyland ilifungua mchezo wa safari ya nyota, uitwao Star Tours. Watu 40 walifungiwa katika chumba kidogo kinachotikiswa, na mbele yao palikuwa na skrini. Mtambo wa kukitikisa ulitokana na ile mitambo wanayofundishiwa marubani wa ndege bila kuruka. Ni behewa la Hale limerudi. Mwaka wa 2011 mchezo huo ulifunguliwa upya. Vyumba vinavyotikisika vilikuwa vilevile, lakini picha zilikuwa mpya, nazo ziliweza kupangwa kwa namna nyingi, ili mtu akirudi asione safari ileile. Hapo ugonjwa wa biashara ya Hale ulipata dawa yake.

Hiyo ndiyo nguvu ya skrini. Lakini wako wanaolalamika kwamba michezo ya skrini imezidi. Husema, kama nataka kutazama picha, ninayo televisheni nyumbani. Sanamu la chuma, hata likikwaruza, lina uzito. Lina kivuli chake. Maji yakikurukia, yanakulowesha. Ndiyo maana wengine huchanganya. Huko Shanghai, China, tangu mwaka wa 2016 kuna mchezo wa maharamia wa baharini ambamo mashua hupita kati ya vitu vilivyoundwa na skrini kubwa sana, na abiria hupata taabu kujua ukuta unaishia wapi na picha inaanzia wapi.

Je, kipi ni bora? Kabla ya kujibu, sikilizeni jambo moja zaidi, maana hili linatuhusu sisi.

Katika ule mto wa Disneyland hapakuwa na sanamu za wanyama tu. Palikuwa na sanamu za watu pia. Wenyeji wa misituni walionyeshwa kama watu wakali wa kutisha au wa kuchekesha, na mmoja alikuwa mchuuzi wa vichwa vya watu. Mtoto wa California aliyepita pale kwa mashua alicheka, kisha akarudi nyumbani akidhani ameona Afrika. Sanamu hizo zilikaa miaka zaidi ya 60. Mwezi wa Januari 1921 zingaliweza kusamehewa kwa ujinga wa zamani, lakini ilikuwa Januari 2021 wenye bustani walipotangaza kwamba wataondoa mambo hayo ya kudharau watu. Mwezi wa Julai mwaka huohuo mto ulifunguliwa ukiwa umebadilishwa.

Hapo mnaona upande wa pili wa sanamu. Uzito wake ndio uzuri wake, na uzito huohuo ndio ubaya wake. Kitu kilichopigiliwa misumari kikiwa na uongo ndani yake, uongo huo nao umepigiliwa misumari. Picha ya skrini hubadilishwa kwa urahisi. Lakini picha nayo huenda mbali upesi, ikaingia nyumba nyingi kwa siku moja. Kwa hiyo skrini si kinga ya uongo, wala sanamu si dhamana ya kweli. Linalofaa kuulizwa ni hili: aliyetengeneza alifika? Aliwauliza wenyewe?

Na ninyi wa Mafia mnalo la kufikiri. Kila mwaka, kati ya Oktoba na Machi, wageni huja Kilindoni kumtazama potwe, yule papa mkubwa mpole mwenye madoa meupe. Huyo haendeshwi kwa mtambo. Siku nyingine huonekana, siku nyingine haonekani, na nahodha wake hana reli chini ya maji. Mgeni hupiga picha, akaenda nazo kwao. Picha hizo zitaeleza habari za kisiwa chenu kwa watu msiowajua. Ni vema basi nanyi mjue kuandika habari zenu kwa mkono wenu, kusudi ziwekwe kando ya picha za mgeni. Hiyo ni faida moja ya kalamu mliyoishika sasa hivi.

Maswali ya kujibu darasani

1. Kwa nini Disney hakutumia viboko wa kweli?
2. D'Alesi na Hale walitofautiana kwa jambo gani? Walipatana kwa jambo gani?
3. Mweleze jirani yako kwa nini abiria aliyemo ndani ya chombo hutapika upesi kuliko aliye nje.
4. Taja faida moja na hasara moja ya sanamu. Fanya vivyo hivyo kwa skrini.
5. Andika sentensi tano juu ya kiboko au potwe, kwa ajili ya mtu ambaye hajapata kumwona. Andika yale tu unayoyajua mwenyewe.

Mwalimu, tafadhali zisomeni sentensi hizo kwa sauti, na darasa liseme kama ni za kweli.