Chumvi na sukari: Tiba nyepesi dhidi ya kipindupindu

Kipindupindu huua kwa kuukausha mwili maji. Mwaka wa 1971, wakati wa vita vya ukombozi wa Bangladesh, maradhi hayo yalizuka miongoni mwa wakimbizi huko Bangaon, India, na maji ya kutiwa mishipani yakawa yanakwisha. Daktari Dilip Mahalanabis akaamua kuwanywesha wagonjwa maji yenye chumvi na glukosi. Vifo vikapungua kutoka takriban asilimia 30 hadi chini ya asilimia 4.

Glukosi huusaidia utumbo kufyonza chumvi, nayo chumvi huvuta maji. Nyumbani, lita moja ya maji safi huchanganywa na vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa. Mgonjwa aendelee kunywa huku akipelekwa hospitalini.