Msonge na Bangaloo

Ukifika Nkwenda, kule Kyerwa, utaona migomba na mapaa ya bati. Msonge, ile nyumba ambayo paa lake la nyasi lilishuka hadi chini likawa ndilo ukuta, utautafuta kwa tochi. Novemba 1861 Waingereza Speke na Grant waliingia Bweranyange, makao ya Mukama Rumanyika wa Karagwe, na nyumba walizozikuta ni za namna hiyo. Hakuna hata moja iliyobaki.

Sasa twende chini ya vilima vya Ngong, nje ya Nairobi. Pana nyumba iliyojengwa mwaka 1912 na mhandisi Mswidi, Åke Sjögren. Karen Blixen, mwandishi wa Denmark, aliishi humo tangu 1917 hadi 1931. Serikali ya nchi yake baadaye iliinunua ikaikabidhi Kenya huru, na tangu 1986 ni makumbusho. Watu hukata tiketi kuona baraza na vyumba vyake. Siwaonei wivu. Ila nyumba ya aina hiyo huitwa bangaloo, na jina lenyewe latoka Bengali, kwa vibanda vya wakulima vilivyoezekwa nyasi! Kibanda cha Bengali kilivalishwa mawe kikapanda cheo. Ndugu yake wa Karagwe ameachwa aoze.

Utaniambia: jiwe hudumu, nyasi huoza. Haya, tuvuke mpaka twende Kasubi, Kampala. Jumba kubwa la nyasi la Kabaka Mutesa wa Kwanza lilijengwa mwaka 1882, likawa kaburi lake 1884, na mwaka 2001 likaingia katika Urithi wa Dunia. Usiku mmoja wa Machi 2010 likateketea. Kama thamani yake ingekuwa katika nyasi, hadithi ingeishia hapo. Lakini Baganda wana ukoo wa Ngeye, yaani Mbega, ambao kazi yake tangu jadi ni kuezeka majumba ya Kabaka, na ufundi huo hufundishwa kijana akiwa juu ya paa. Ujenzi ulichukua miaka mingi, fedha na maneno mengi, hata mwaka 2023 UNESCO ikaliondoa Kasubi katika orodha ya urithi ulio hatarini.

Nyasi hata Nkwenda zipo, na miti ipo. Swali langu kwa wakubwa wa utamaduni ni hili: wazee wanaojua kusuka kilele cha msonge wamebaki wangapi, na nani amepelekwa kukaa nao?