Python na Mipaka ya Nyumba Yake: Historia Fupi ya Mazingira Yaliyotengwa

Nikiwa mwaka wa pili chuoni nilikabidhi mradi uliofanya kazi vizuri kwenye kompyuta ya maabara, lakini ukagoma kwenye kompyuta ya mwalimu. Nilikuwa nimetengeneza mazingira yaliyotengwa kama tulivyofundishwa, nikaorodhesha kila kifurushi kilichokuwa ndani yake. Kifurushi kimoja hakikuwamo katika orodha, na bado programu yangu ilikuwa ikikitumia. Kilipitia wapi? Jibu la swali hilo limo katika historia ya Python yenyewe.

Guido van Rossum aliitoa Python kwa umma mwaka 1991, akiwa katika kituo cha utafiti cha CWI, Amsterdam. Tunapoagiza moduli, programu inayosoma na kutekeleza maagizo yetu, ambayo hapa nitaiita mkalimani, hupitia folda moja baada ya nyingine katika orodha iitwayo sys.path. Moduli ya kwanza yenye jina hilo ndiyo huchukuliwa, hata kama iliyokusudiwa iko nyuma yake. Kwa kawaida hutangulia folda ya programu inayoendeshwa, zikafuata folda zilizotajwa katika kigeu cha mfumo kiitwacho PYTHONPATH, kisha maktaba ya Python yenyewe. Mwisho huja site-packages, ghala la vifurushi vya watu wengine.

Ghala lilikuwa moja kwa kompyuta nzima. Halikuleta shida kubwa wakati vifurushi vilikuwa vichache na kila kimoja kilisakinishwa kwa mkono. Kuanzia mwaka 2004 setuptools ya Phillip J. Eby ilirahisisha kupakua na kusakinisha, na hapo ndipo miradi miwili ilipoanza kugombana: mmoja unataka toleo la zamani la kifurushi, mwingine toleo jipya, na ghala linahifadhi moja tu.

Ian Bicking alilijaribu tatizo hili mara mbili, na kwangu tofauti ya majaribio hayo ndiyo kiini cha historia hii. La kwanza, workingenv, lilitegemea PYTHONPATH: ukiingia katika mradi, kigeu kinabadilishwa ili folda zako zitangulie. Lakini kigeu cha mfumo hurithiwa na kila programu inayoanzishwa kutoka dirisha hilo la amri, hata zile zisizohusika na mradi, na mtu akiendesha mradi bila kukiweka, utengano wote hutoweka.

Mwaka 2007 Bicking alileta virtualenv, akifuata wazo ambalo Eby alikuwa amekwisha kulitumia. Mkalimani hatafuti maktaba yake kwa kuambiwa tu. Huanza pale faili lake lilipo, akapanda folda hadi folda akitafuta alama anayoifahamu, faili liitwalo os.py. Akiipata, anajua yuko nyumbani, na ghala lake hulihesabu kutoka hapo. Kwa hiyo virtualenv ilimnakili mkalimani mwenyewe ndani ya folda ya mradi na kuweka alama hiyo karibu naye. Alipojiuliza yuko wapi, alipata jibu jingine, na orodha nzima ikabadilika bila kuguswa na PYTHONPATH.

Kiungo cha kawaida badala ya nakala hakikutosha, kwa sababu mkalimani angekifuata hadi nyumba ya zamani. Nakala nazo zilichakaa: mfumo ukipata marekebisho ya usalama, mkalimani aliyenakiliwa alibaki vilevile. Zaidi ya hapo, virtualenv ililazimika kubeba toleo lake la faili la site.py, lililopaswa kurekebishwa kila Python ilipobadilika. Na hadi toleo la 1.7 la mwaka 2011, mazingira mapya yaliendelea kuliona ghala la kompyuta nzima isipokuwa ukikataa wewe mwenyewe.

Mwaka huohuo wa 2011 Carl Meyer aliandika pendekezo la PEP 405, na venv ikaingia ndani ya Python 3.3 mwaka 2012. Sasa faili dogo, pyvenv.cfg, huwekwa karibu na mkalimani na kumweleza nyumba ya asili iko wapi. Maktaba kuu husomwa huko; vifurushi husomwa hapa. Kile kitendo cha kuamilisha mazingira ambacho wengi wetu tunakidhani muujiza, kazi yake kubwa ni kubadilisha PATH tu. Ukimwita mkalimani wa mradi kwa anwani yake kamili, matokeo ni yaleyale. Mwaka 2023, Debian 12 ilifika mahali pa kuikatalia pip kusakinisha nje ya mazingira kama haya, labda mtumiaji asisitize.

Lakini venv haikukifuta PYTHONPATH. Kigeu hicho bado husomwa, na folda zake bado hutangulia ghala la mradi, isipokuwa mkalimani aanzishwe kwa alama ya -E, au -I iliyokuja na Python 3.4.

Huko ndiko kifurushi changu kilikopitia. Mtu aliyeitumia kompyuta ile kabla yangu alikuwa ameandika mstari mmoja wa PYTHONPATH katika faili la .bashrc la akaunti tuliyochangia darasa zima. Niliufuta, programu ikagoma mbele yangu kama ilivyogoma kwa mwalimu, nikaongeza kifurushi kilichokosekana, nikaukabidhi mradi upya. Wiki iliyofuata wenzangu wawili walikuja kulalamika kwamba miradi yao imeacha kufanya kazi.