Mubirizi: mti mchungu wa tumbo na historia yake

Katika desturi za wazee wetu wa Kivu, dawa ya kwanza ya tumbo haikutoka mbali. Ukizunguka vijiji vya Bushi utaona mubirizi kando ya lupango. Wataalamu wanauita Vernonia amygdalina. Kuupanda si kazi: unakata tawi, unalichomeka udongoni, linaota. Tumbo ikiuma, ama mtoto akisumbuliwa na minyoo (ile tunazoea kuita minyoka ya tumbo), mama alikuwa anachuma majani, anayaponda, anayakamulia ndani ya maji, na mgonjwa anakunywa kidogo tu. Hata mifugo ilipewa.

Ujuzi huu si wa Bashi peke yao. Wanyarwanda na Warundi wanauita umubirizi. Ngambo ya Ziwa Tanganyika, kule Mahale, Watongwe wanauita mjonso. Ni huko, mwezi wa Novemba 1987, mtafiti Michael Huffman na Mohamedi Seifu Kalunde, Mtongwe mwenye kujua miti, waliona sokomutu jike aitwaye Chausiku. Alikuwa mgonjwa. Alivunja tawi changa, akatupa majani na maganda, akatafuna uboho wa ndani. Kesho yake nguvu zilirudi. Kalunde ndiye alimwambia mwenzake kwamba kwao mti ule ni dawa. Baadaye maabara zilikuta ndani yake vitu vyenye kudhuru vimelea, tena majani na maganda yana sumu kuliko uboho.

Hapo tunaona sababu wazee walisisitiza kipimo. Mubirizi si chai ya kunywa ovyo. Mama mwenye mimba asiunywe bila kuuliza muganga.

Dawa hii ina mpaka wake pia. Mwezi wa Julai 1994, kipindupindu kilipoingia Goma, karibu wakimbizi 50.000 walikufa katika mwezi mmoja, wengi kwa kuhara. Mtu anayehara hivyo anakauka maji kwa masaa machache. Hapo si kazi ya mubirizi: apewe maji safi yenye chumvi na sukari kwa kipimo, na apelekwe mbio ku kituo cha afya. Kumheshimu babu si kumwacha mtoto afe nyumbani.

Tangu vita vya 1996, vijiji vingi vilikimbiwa. Wazee wengi walikufa bila kuachia wajukuu ujuzi wao. Kijana wa leo anajua jina la mubirizi, lakini umuulize ni majani mangapi, kwa maji kiasi gani, kwa ugonjwa gani: ananyamaza. Kwa hiyo sisi walimu tunaomba kila msomaji amuendee mzee wake angali hai, aandike mambo mane: jina la mti, sehemu inayotumika, kipimo, na ugonjwa ambao mti huo hauponyi. Hilo la mwisho ndilo tunalisahau sana, na ndilo linaokoa maisha.