Sindano Mkononi mwa Askari: Historia ya Ruhusa Iliyochelewa

Atajwapo askari polisi, fikra zetu hukimbilia bunduki, pingu na rungu. Nchini Marekani, hata hivyo, umekuwapo mjadala wa aina nyingine: je, askari wa doria abebe pia sindano ya kumwokoa mtu aliyeshikwa na mzio mkali? Swali hili lina sura ya kitabibu, lakini historia yake ni ya kisiasa. Linahusu nani ameruhusiwa kuokoa uhai, na kwa gharama ya nani.

Elimu yenyewe ni ya zamani. Mwaka 1901 Jokichi Takamine, mkemia Mjapani aliyefanya kazi New York, alitangaza kuwa ameitenga adrenalini katika hali safi. Mwaka uliofuata, Wafaransa Charles Richet na Paul Portier walieleza ajabu waliyoishuhudia: mbwa waliostahimili dozi ya kwanza ya sumu ya kiumbe wa baharini walikufa upesi walipopewa dozi ndogo siku kadhaa baadaye. Waliiita hali hiyo anafilaksia, yaani kinyume cha kinga. Richet alitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1913. Baadaye ikathibitika kwamba adrenalini, kwa kukaza mishipa ya damu na kufungua njia za hewa, ndiyo dawa ya kwanza ya hali hiyo.

Kilichokosekana ni muda. Uchunguzi wa vifo vya mzio nchini Uingereza, uliochapishwa mwaka 2000, ulionyesha kwamba muda wa kati kabla ya moyo au pumzi kusimama ulikuwa dakika 30 kwa chakula na dakika 15 kwa sumu ya wadudu. Daktari hafiki kila nyumba kwa muda huo. Ufumbuzi ulitoka jeshini. Mhandisi Sheldon Kaplan na wenzake walikuwa wametengeneza sindano inayojidunga yenyewe, ili mwanajeshi aliyeshambuliwa kwa gesi ya sumu ajitibu bila daktari. Kifaa hicho kikageuzwa kubeba adrenalini, na mwaka 1987 sindano ya EpiPen ikaidhinishwa nchini Marekani. Tangu hapo asiye mganga aliweza kuitumia. Sheria ndiyo iliyobaki nyuma.

Polisi waliingia katika historia hii kwa mlango wa pembeni. Mwaka 1990 askari wa Rochester, Minnesota, walianza kubeba mashine za kushtua moyo uliosimama. Mwaka 2010 mji wa Quincy, Massachusetts, ukawaagiza askari wake wa doria kubeba naloksoni, dawa ya kupulizwa puani ya kumzindua aliyezidiwa na heroini na dawa za jamii yake. Hoja ilikuwa ileile mara zote mbili: gari la polisi tayari liko barabarani, na mara nyingi hutangulia gari la wagonjwa. Kwa adrenalini, sheria ya shirikisho ya mwaka 2013 ilizihimiza shule kuweka akiba ya sindano hizo. Mwaka 2017 jimbo la Wisconsin likaruhusu raia yeyote aliyepata mafunzo kuibeba na kuitumia, baada ya kijana mmoja kufa kwa kuumwa na nyuki. Sheria ilipomfikia raia wa kawaida, hoja ya kumnyima askari ilikosa mguu wa kusimamia.

Ikabaki bei. Dawa iliyomo ndani ya kifaa, miligramu 0.3 tu, ni rahisi mno. Kifaa ndicho ghali. Bei ya jozi moja ya EpiPen, iliyokuwa takriban dola 100 mwaka 2007, ilikaribia dola 600 mwaka 2016, hata mkuu wa kampuni ya Mylan akaitwa mbele ya Bunge kujieleza. Sindano hizo huisha muda wake hata zisipotumika, nazo huharibiwa na joto la gari lililoegeshwa juani. Idara yenye magari mia inalipa gharama hiyo tena na tena. Ndiyo maana idhini ya Agosti 2024 kwa adrenalini ya kupuliza puani, isiyohitaji sindano, ina uzito katika mjadala huu.

Wapo wanaopinga kwa kusema kwamba askari si tabibu, na kwamba tunamtwika mizigo ya idara nyingine. Hoja hii haipuuziki: naloksoni na adrenalini hazipaswi kuwa kisingizio cha kutonunua magari ya wagonjwa. Tena dawa iliyo mkononi mwa mtu anayeogopwa huchelewa kuitwa. Familia isiyowaamini polisi itasita kupiga simu, na dakika 15 zitapita. Kumpa askari sindano bila kumrudishia imani ya raia ni kazi nusu.

Lakini kusubiri mpaka yote yakamilike nako ni uamuzi, na wanaoulipia ni wengine. Kwa zaidi ya karne moja dawa imejulikana. Kila aliyekufa akiwa na askari kando yake, mikono mitupu, alikufa kwa kukosa ruhusa na bajeti, wala si kwa kukosa elimu. Taifa lolote lenye askari wengi barabarani kuliko magari ya wagonjwa lina sababu ya kuisoma historia hii kwa makini.