Baraza la madiwani (Tanzania)

Baraza la madiwani ni chombo cha juu cha maamuzi katika halmashauri ya jiji, manispaa, mji au wilaya nchini Tanzania Bara. Baraza huundwa na madiwani waliochaguliwa na wananchi katika kata, madiwani wa viti maalum na wabunge wa eneo hilo. Kazi zake za kila mwaka ni kupitisha bajeti ya halmashauri, kutunga sheria ndogo, kusimamia mapato na matumizi, kupanga matumizi ya ardhi ya mji na kufuatilia huduma kama shule za msingi, zahanati, masoko na uondoaji wa taka.

Makala hii inahusu hasa mabaraza ya mamlaka za miji, yaani halmashauri za miji, manispaa na majiji. Zanzibar ina sheria yake ya serikali za mitaa na mabaraza yake ya miji na manispaa.

Msingi wa kisheria

Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania inataja serikali za mitaa katika ibara za 145 na 146. Ibara ya 146 inasema kwamba madhumuni ya serikali za mitaa ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Utaratibu wenyewe umewekwa na sheria za mwaka 1982: Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) Na. 7, Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji) Na. 8 na Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa Na. 9. Sheria hizo zimerekebishwa mara nyingi tangu zilipotungwa.

Kila halmashauri pia ina kanuni za kudumu zinazoeleza jinsi mikutano inavyoitishwa, akidi, namna ya kupiga kura na nidhamu ya wajumbe. Katika serikali kuu, halmashauri zinasimamiwa na ofisi ya Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa, inayojulikana kwa kifupi kama TAMISEMI.

Historia

Wakati wa utawala wa Waingereza, miji ya Tanganyika ilikuwa na mamlaka zake, na Dar es Salaam ilipata hadhi ya manispaa mwaka 1949. Meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam alikuwa Sheikh Kaluta Amri Abedi, anayejulikana pia kama mshairi na mtaalamu wa mashairi ya Kiswahili. Dar es Salaam ikawa jiji mwaka 1961, nchi ilipopata uhuru.

Mwaka 1972 serikali ilianzisha mpango uliojulikana kama madaraka mikoani. Halmashauri zilifutwa na kazi zao zikahamishiwa kwa watumishi wa serikali kuu katika mikoa na wilaya. Huduma za mijini zilidorora: taka zilirundikana, barabara ziliharibika na mifereji haikusafishwa. Mwaka 1978 ilitungwa sheria ya kurudisha halmashauri za miji, na baada ya sheria za 1982 mfumo wote wa serikali za mitaa ulirejeshwa nchini. Halmashauri mpya zilianza kazi mwaka 1984.

Hata baada ya hapo serikali kuu imebaki na uwezo wa kuvunja baraza. Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam ilivunjwa mwaka 1996 na nafasi yake ikachukuliwa na tume hadi mwaka 2000, zilipoundwa manispaa za Ilala, Kinondoni na Temeke. Februari 2021 halmashauri ya jiji ilivunjwa tena na Manispaa ya Ilala ikapandishwa kuwa Jiji la Dar es Salaam.

Majiji mengine ni Mwanza, Arusha, Mbeya, Tanga na Dodoma. Dodoma ilitangazwa kuwa jiji tarehe 26 Aprili 2018.

Wajumbe

Diwani wa kata huchaguliwa kwa miaka mitano katika uchaguzi mkuu, siku ileile wanapochaguliwa rais na wabunge. Mgombea lazima awe raia mwenye umri wa miaka 21 au zaidi, ajue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, na awe amependekezwa na chama cha siasa. Mgombea binafsi haruhusiwi.

Madiwani wa viti maalum ni wanawake. Idadi yao haipungui theluthi moja ya wajumbe waliochaguliwa, nao hugawanywa kwa vyama kulingana na matokeo ya uchaguzi. Mbunge naye ni mjumbe kamili wa baraza la eneo lake.

Madiwani hawalipwi mshahara. Hupata posho ya kila mwezi na posho ya vikao, na wengi huendelea na biashara, kilimo au kazi nyingine.

Meya na mkurugenzi

Katika jiji na manispaa mwenyekiti wa baraza huitwa meya, na huitwa "mstahiki meya" anapotajwa kwa heshima. Katika halmashauri ya mji huitwa mwenyekiti. Meya huchaguliwa na madiwani wenyewe kutoka miongoni mwao na hukaa kwa kipindi chote cha baraza. Naibu meya huchaguliwa kwa mwaka mmoja na anaweza kuchaguliwa tena.

Mkurugenzi wa halmashauri huteuliwa na Rais. Yeye ni mtendaji mkuu, msimamizi wa watumishi na fedha, na ndiye katibu wa baraza. Kwa hiyo baraza linaamua, lakini anayetekeleza ni mtu ambaye baraza halikumteua na haliwezi kumfukuza. Likiwa halikuridhika naye, linaweza kupitisha azimio na kulipeleka kwa mamlaka iliyomteua. Migogoro mingi kati ya madiwani na wakurugenzi hutokana na mpangilio huu.

Uchaguzi wa meya una uzito mkubwa pale vyama vinapokaribiana kwa idadi ya wajumbe. Mjini Arusha ubishi juu ya uchaguzi wa meya baada ya uchaguzi mkuu wa 2010 ulisababisha maandamano ya tarehe 5 Januari 2011, ambapo polisi walikabiliana na waandamanaji na watu walikufa. Dar es Salaam, uchaguzi wa meya wa jiji uliahirishwa mara kadhaa kabla ya kufanyika Machi 2016. Katika matukio yote mawili sehemu ya ubishi ilikuwa juu ya nani hasa ni mjumbe halali mwenye haki ya kupiga kura.

Kamati za kudumu

Kazi nyingi za baraza hufanyika kwanza katika kamati. Mamlaka za miji huwa na kamati tatu kuu:

- Kamati ya Fedha na Uongozi, inayoongozwa na meya. Hupitia taarifa za mapato na matumizi, bajeti na masuala ya watumishi.
- Kamati ya Uchumi, Afya na Elimu. Hushughulikia shule, zahanati, vituo vya afya, masoko na shughuli za kiuchumi.
- Kamati ya Mipangomiji na Mazingira. Hujadili michoro ya mipangomiji, viwanja, mabadiliko ya matumizi ya ardhi, usafi na dampo.

Pamoja na hizo kuna Kamati ya Maadili na Kamati ya Kudhibiti UKIMWI. Wakuu wa idara huhudhuria kamati ili kutoa maelezo ya kitaalamu, lakini hawapigi kura.

Mkutano wa kawaida

Baraza hukutana katika mkutano wa kawaida kila baada ya miezi mitatu, yaani mara nne kwa mwaka. Mkutano maalum unaweza kuitishwa kwa jambo la dharura. Kabla ya mkutano kila mjumbe hupelekewa kabrasha lenye ajenda, kumbukumbu za mkutano uliopita na taarifa za kamati.

Siku ya mkutano meya na madiwani huvaa majoho. Mkutano hufunguliwa kwa dua, kisha kwa kawaida hufuata mpangilio huu:

1. Kuthibitisha ajenda na kumbukumbu za mkutano uliopita.
2. Yatokanayo, yaani utekelezaji wa maazimio yaliyopita.
3. Maswali ya madiwani na majibu.
4. Taarifa za maendeleo za kata.
5. Taarifa za kamati za kudumu na maazimio yake.
6. Kufunga mkutano.

Mikutano ya baraza iko wazi kwa wananchi na waandishi wa habari. Mwananchi anaweza kukaa na kusikiliza, lakini hana haki ya kuchangia. Baraza linapojadili nidhamu ya watumishi hujigeuza kuwa kamati, na wageni hutakiwa kutoka nje. Mjumbe mwenye maslahi binafsi katika jambo linalojadiliwa, kwa mfano zabuni au kiwanja, anapaswa kuyatangaza na kutoshiriki katika uamuzi.

Mkuu wa wilaya hualikwa kutoa salamu na maelekezo ya serikali, lakini si mjumbe na hapigi kura.

Safari ya ombi la wananchi

Ombi la mtaa hupita hatua kadhaa kabla ya kufika barazani. Kwa mfano, wakazi wakitaka zahanati, jambo hilo huanzia katika mkutano mkuu wa mtaa unaoongozwa na mwenyekiti wa mtaa. Likikubaliwa hupelekwa katika Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo mwenyekiti wake ni diwani na katibu wake ni mtendaji wa kata. Kata huweka vipaumbele vyake na kuvipeleka halmashauri, ambako wataalamu hukadiria gharama na kuangalia kama eneo lipo. Kamati ya kudumu hujadili, na mwishowe baraza huamua kama mradi utaingia katika bajeti.

Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai na kuisha tarehe 30 Juni. Kwa hiyo ombi linalofika baada ya baraza kupitisha bajeti kwa kawaida husubiri mwaka unaofuata. Hata mradi ulioingia katika bajeti unaweza kukwama fedha zisipopatikana, na hiyo ni sababu ya kipengele cha yatokanayo kuchukua muda mrefu mikutanoni.

Sheria ndogo

Baraza linaweza kutunga sheria ndogo kuhusu mambo kama usafi, ushuru wa masoko, ufugaji mjini na ada za huduma. Rasimu hutangazwa ili wananchi watoe maoni au pingamizi. Baada ya baraza kuipitisha hupelekwa kwa waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa aidhinishe, kisha hutangazwa katika Gazeti la Serikali. Ushuru unaotozwa bila kupitia hatua hizo hauna nguvu ya kisheria.

Fedha

Halmashauri hupata fedha kutoka serikali kuu na kutoka mapato ya ndani. Ruzuku ya serikali kuu, inayojumuisha mishahara ya walimu na watumishi wa afya, ndiyo sehemu kubwa. Mapato ya ndani hutokana na ushuru wa huduma, ambao ni sehemu ndogo ya mauzo ya kampuni na biashara, leseni za biashara, ushuru wa masoko, pango la vibanda na ada mbalimbali.

Vyanzo hivi vimepungua mara kadhaa kwa uamuzi wa serikali kuu. Kodi ya maendeleo, iliyojulikana kama kodi ya kichwa, ilifutwa mwaka 2003. Mwaka 2016 ukusanyaji wa kodi ya majengo ulihamishiwa Mamlaka ya Mapato Tanzania, na tangu 2021 kodi hiyo hukatwa mteja anaponunua umeme wa LUKU. Mwishoni mwa 2018 vilianza kutolewa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo kwa shilingi 20,000, na mwenye kitambulisho hakutakiwa kutozwa ushuru mwingine.

Majukumu nayo yamehama. Tangu 2017 barabara za mijini na vijijini zinasimamiwa na Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini (TARURA). Hata hivyo wananchi wengi bado humwuliza diwani wao kuhusu shimo barabarani.

Tangu 2018 sheria inaitaka kila halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Utoaji wa mikopo hiyo ulisitishwa mwaka 2023 kutokana na dosari katika usimamizi na marejesho, kisha ukarudishwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya.

Usimamizi na ukaguzi

Hesabu za kila halmashauri hukaguliwa kila mwaka na Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG). Halmashauri hupewa hati kulingana na ubora wa hesabu zake, na iliyo bora ni ile inayoitwa hati safi. Baraza hukutana kujadili hoja za mkaguzi na majibu ya mkurugenzi. Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali za Mitaa (LAAC) pia huweza kuwaita viongozi wa halmashauri wajieleze.

Ripoti za CAG zimetaja mara kwa mara mapato yaliyokusanywa kwa mashine za kielektroniki lakini hayakupelekwa benki, na miradi iliyolipiwa bila kukamilika. Uwezo wa baraza kugundua mambo haya mapema hutegemea madiwani kusoma kabrasha na kuuliza maswali kabla fedha hazijatumika.

Tazama pia

- Serikali za mitaa nchini Tanzania
- Diwani
- Kata
- Mtaa
- Orodha ya miji ya Tanzania