Manowari iliyokwama Rufiji, na gari ya Ami yangu

Nilipotea kidogo, kazi za gazetini zilinibana kweli kweli. Wiki iliyopita nikaiba siku mbili nikaenda shamba, Kizimkazi, kumwangalia Ami yangu.

Nilimkuta barazani anaitazama gari yake. Ni gari ya Kijerumani, ya kifahari, viti vya ngozi, aliinunua mkono wa pili kutoka Japani. Jina lake silitaji, sitaki ugomvi na mtu. Mwezi wa tatu sasa imelala chini ya mwembe, na kuku wameshataga uvunguni.

Ilivyokufa ni hivi. Alikuwa anatoka Mjini, alipofika Kitogani taa ya joto ikawaka. Ami akajiambia nyumbani si mbali, akakaza mwendo. Fundi alipofungua alikuta bomba moja la maji, la plastiki, limepasuka. Kitu cha kushika kiganjani! Maji yamekwisha, injini imechemka, silinda hedi imepinda. Bomba lenyewe bei yake si kitu. Lakini hedi, gasketi, vipuri vya kuagiza Dubai na fundi mwenye kompyuta ya kuisoma gari, hesabu ikavuka nusu ya bei aliyoinunulia.

Halafu Ami akaniambia kwa sauti ya chini kwamba anafikiria kuuza boti. Wadau, boti ile ndiyo inayopeleka wageni kuangalia pomboo. Ndiyo inayolisha nyumba nzima.

"Injini ya Mjerumani haifi, mwanangu," akasema. "Ikishatengenezwa hii, nitakuachieni urithi."

Sikumjibu. Jioni nikaenda pwani ya Dimbani, nikakaa nikiangalia kusini. Ukivuka maji yale, kama kilomita 150 hivi, unafika delta ya Rufiji. Huko ndiko ilikokwama injini nyingine ya Mjerumani, zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Nikaona hicho ndicho kisa cha kumsimulia Ami.

Septemba 1914 vita vya kwanza vya dunia vilikuwa vibichi kabisa. Wajerumani walikuwa na manowari moja tu ya maana katika pwani yetu, Königsberg, chini ya Kapteni Max Looff. Ilikuwa na injini mbili za mvuke, na mbio zake zilivuka kilomita 40 kwa saa, kwa zama zile si mchezo. Ilijificha ndani ya mikoko ya Rufiji. Waingereza nao walikuwa na manowari yao nzee bandarini Unguja, Pegasus. Na Pegasus ilikuwa inafanya nini pale? Ilikuwa kwenye matengenezo! Mashine zimezimwa, mafundi wamo kazini.

Alfajiri ya tarehe 20 Septemba Königsberg ikatokea kusini. Mizinga yake ilifika mbali kuliko ya Pegasus, kwa hiyo ilipiga bila kufikiwa. Chini ya saa moja mambo yakawa yamekwisha. Mabaharia 38 wa Pegasus walipoteza maisha, na siku hiyo hiyo meli yao ikazama. Baadhi yao wamezikwa kwenye kisiwa cha Chapwani, pale mbele ya Mji Mkongwe.

Sasa sikilizeni. Mshindi aliondoka Unguja bila jeraha la maana kutoka kwa adui, ila injini yake moja ikaharibika. Kipande cha chuma kwenye pistoni, basi. Looff akalazimika kurudi Rufiji kujificha tena. Mule mikokoni hakuna karakana, karakana ya kuweza kazi ile ilikuwa Dar es Salaam. Ikabidi vyuma vile vizito vifunguliwe, visafirishwe nchi kavu mpaka Dar, vitengenezwe, virudishwe.

Nani alivivuta na kuvibeba? Si Kapteni Looff. Ni Waafrika, kwa mamia, wakivikokota kwa mikono na mabega katika njia za matope. Vita havikuwa vyao na meli haikuwa yao. Vitabu vingi vina jina la kapteni na idadi ya mizinga, majina ya wabebaji hakuna.

Na injini ilipona, wadau. Fundi wa Dar aliiweza. Lakini tarehe 30 Oktoba Waingereza walishaigundua meli na kuziba njia za kutokea. Injini nzima, meli mfungwa. Ilikaa mule mpaka Julai 1915, ilipopigwa na manowari mbili zinazoweza kuingia maji mafupi, Severn na Mersey, na Looff akaamuru izamishwe. Mizinga yake iliopolewa ikaenda kupigana nchi kavu. Mmoja uko Fort Jesus, Mombasa.

Kuna atakayesema, mbona Liemba? Kweli, nayo ni kazi ya Mjerumani. Iliundwa Papenburg mwaka 1913 kwa jina la Graf von Goetzen, ikaja vipande vipande kwenye makasha, ikaungwa Kigoma. Mwaka 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe Ziwa Tanganyika, lakini mafundi kwanza waliipaka injini grisi nzito. Ikaopolewa 1924, ikarudi kazini 1927, na injini zile za mvuke zikafanya kazi mpaka miaka ya 1970. Ami akisikia hivi atasema si nimekwambia! Lakini angalieni vizuri. Iliyoiokoa Liemba ni grisi, na watu waliojua wanachokifanya, kabla maji hayajaingia.

Wala haya si ya zama za makaa ya mawe tu. Miaka ya 1990 BMW walitoa injini zenye silinda zilizopakwa utando wa nikeli na silikoni. Katika nchi ambazo petroli ilikuwa na salfa nyingi, zikiwamo Uingereza na Marekani, utando ukaliwa, na kampuni ikalazimika kubadilisha injini nyingi kwa gharama yake. Injini bora ilikuwa bora kwa mafuta iliyofikiriwa. Na sisi tunaonunua mkono wa pili, nani atatubadilishia?

Mimi nionavyo, injini haiko peke yake. Iko pamoja na fundi wake, spea zake, mafuta yake na umbali wa karakana. Tunanunua chuma, hayo mengine tunayaacha Ulaya. Mashine ya boti ya Ami haina sifa yoyote ya kujivunia harusini, lakini ikigoma asubuhi, mchana spea inapatikana Darajani.

Nikamsimulia yote barazani, baada ya isha. Alicheka sana.

"Kwa hiyo mimi ndiye yule kapteni?"

"Hapana Ami. Wewe ndiye mbeba vyuma."

Akanyamaza. Muda mrefu tu. Kisha akaniuliza kama namjua mtu wa kununua gari kama ilivyo, bila kuitengeneza.

Mpaka naandika haya boti haijauzwa. Asubuhi aliniamsha twende tukaipake rangi.

Alamsiki.